Kilo 6.8: Stori ya Baiskeli ya Kaboni na Watu Ambao Huwa Hawatajwi

Wadau wa magurudumu mawili, leo tupige historia kidogo. Kuna kitu karibu kila mtu hukifanya akikutana na baiskeli ya kaboni kwa mara ya kwanza: kabla hata ya kuuliza bei, anainyanyua. Tena kwa mkono mmoja. Halafu anacheka, anairudisha chini taratibu kama vile kashika yai, ndiyo anauliza: "Hii kweli inabeba mtu?"

Swali la maana sana hilo. Wengi wetu tumekulia kwenye Phoenix na Swala, dude la chuma la karibu kilo 20 linalobeba gunia la mkaa, madumu ya maji na shemeji juu ya keria. Sasa unaletewa kitu cha kilo 7, fremu yenyewe unaigonga kwa kucha inalia kama boksi, halafu unaambiwa jamaa wanashuka nayo milima ya Alps kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Lazima uulize.

Jibu la swali hilo limechukua karibu miaka 50 kupatikana, na limepita kwenye miili ya watu wengi. Kwa hiyo stori ya leo nitaisimulia kwa sharti moja: majina ya waendeshaji sitaji. Wenye kufuatilia mchezo mtawajua tu, na wengine mtapata kazi ya kubishana. Ila kuna watu wengine kwenye stori hii ambao hata nikitaka kuwataja siwezi, kwa sababu majina yao hayajawahi kuandikwa popote. Hao ndio nataka tufike kwao.

Ugonjwa wa gramu ulianza zamani

Msidhani kaboni ndiyo ilileta wazimu wa uzito. Oktoba 1972 Mbelgiji mmoja, aliyekuwa ameshinda Tour de France yake ya nne mwaka huohuo, alisafiri hadi Mexico City. Alitaka kitu kimoja: kwenda umbali mrefu kuliko binadamu yeyote kwa saa moja. Alichagua mji ule kwa sababu uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, haikukabi sana ukiwa kwenye kasi.

Baiskeli yake ilitoka Italia, kwenye karakana ya Colnago. Ilikuwa ya chuma, ila chuma chembamba mno, na vipuri vikatobolewa matundu kila palipotoboleka ili kuokoa gramu. Mwisho wa kazi ikawa na uzito wa chini ya kilo 6. Haikuwa na breki, haikuwa na gia za kubadilisha. Akazunguka uwanja ule kwa saa nzima, akaweka rekodi ya kilomita 49.431, akashuka akiwa hoi bin taabani.

Hii namba ishikeni, tutairudia. Na mshike jambo hili pia: chini ya kilo 6 ilishafikiwa kwa chuma, mwaka 1972. Tatizo ni kwamba baiskeli ile iliundwa kwa ajili ya saa moja ya maisha yake, kwenye uwanja laini. Baiskeli za barabarani za miaka ile, za kushindana siku baada ya siku kwenye mvua na mashimo, zilikuwa bado zinakaribia kilo 10. Kilichotafutwa ni kitu chepesi ambacho kesho yake bado kipo.

Kampuni ya mafuta na gundi iliyoachia

Kaboni ni nini hasa? Ni nyuzi. Nyembamba kuliko unywele wako kwa karibu mara kumi. Wenyeji wa Tanga mtanielewa haraka: chukua uzi wa katani, uvute kwa urefu, hukati kirahisi. Usukume kwa ubavu, unajikunja tu. Kaboni ni hivyohivyo. Nguvu yake iko upande ule nyuzi zilikolala. Kwa hiyo unazilaza tabaka juu ya tabaka, hizi hivi na zile vile, unazishika kwa gundi, unaoka. Ukizilaza vizuri unapata kitu kigumu kuliko chuma kwa uzito mdogo sana. Ukikosea unapata bomu.

Miaka ya 1970 kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, Exxon, iliingia kwenye biashara hii kupitia baiskeli iliyoitwa Graftek. Mabomba yake yalikuwa alumini nyembamba iliyovishwa kaboni, halafu yakagundishwa kwenye viungo vya chuma. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa nzuri kuitazama, na ilipata sifa moja mbaya: viungo viliachia. Gundi ilichoka, bomba likaanza kucheza ndani ya kiungo chake. Fikiria uko kwenye mteremko halafu baiskeli inaanza kukutikisia kichwa.

Hao waendeshaji wa mwanzo ndio waliokuwa maabara. Walilipa hela yao, wakawajaribia wengine.

1986: kaboni yavaa njano

Miaka kumi baadaye mambo yakabadilika. Look, kampuni ya Ufaransa iliyoanzia kwenye vifaa vya kufunga viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilikuwa tayari imewaletea waendeshaji pedeli za kunasa kiatu bila mkanda. Sasa ikaja na fremu yenye mabomba ya kaboni yaliyochanganywa na Kevlar, yakiwa yamegundishwa kwenye viungo vya alumini. Safari hii gundi ilishika.

Mwaka 1986 timu moja ilikuwa na mafahali wawili kwenye zizi moja. Mmoja Mfaransa, bingwa mara tano, ambaye alikuwa amemuahidi mwenzake kwamba zamu hii atamsaidia yeye. Mwingine Mmarekani kijana aliyeiamini ahadi hiyo. Yaliyofuata ni drama ya kutosha msimu mzima wa tamthilia: ahadi ikageuka mashambulizi, mashambulizi yakageuka kushikana mikono mbele ya kamera kule Alpe d'Huez, na mwisho Mmarekani akashinda. Akawa wa kwanza kutoka nchi yake kuchukua Tour de France, na ushindi huo ukawa wa kwanza wa Tour kupatikana juu ya fremu ya kaboni.

Mwaka huohuo kampuni ya Marekani, Kestrel, ikaonyesha fremu ya kaboni tupu, isiyo na mabomba ya kuunganisha kwenye viungo. Hapo ndipo mafundi walipogundua uchawi wa kweli wa hii kitu: kaboni haikulazimishi utumie mabomba ya duara. Unaweza kuipa umbo lolote ulitakalo.

Na mwaka 1992, kwenye Olimpiki ya Barcelona, Muingereza mmoja akaingia uwanjani na kitu ambacho nusu ya watu walidhani ni chombo cha anga. Kilitoka kwa Lotus, wale watu wa magari. Fremu kipande kimoja, nyeusi tii, nyembamba kama panga. Kwenye fainali ya kufukuzana mita 4,000 alimkamata mpinzani wake kabla mbio hazijaisha, na huyo mpinzani alikuwa bingwa wa dunia. Dhahabu.

Mtihani wa mawe

Pamoja na hayo yote, watu wazima wa mchezo huu bado walikuwa na shaka. Walikuwa na swali moja: Paris–Roubaix je?

Kwa asiyejua, hii ni mbio ya siku moja kaskazini mwa Ufaransa inayopita kwenye barabara za mashambani zilizotandikwa mawe tangu enzi hizo. Mawe yenyewe si yale ya kupendezea hoteli. Yamekaa hovyo, yana ncha, katikati matope. Mikono inavimba malengelenge, matairi yanapasuka, watu wanavunjika mabega. Kama kaboni ni biskuti, pale ndipo itajulikana.

Mwaka 1995 timu ya Mapei ikaenda pale na Colnago C40, fremu ya kaboni iliyokuwa imetoka mwaka mmoja nyuma kuadhimisha miaka 40 ya karakana ileile iliyojenga baiskeli ya Mexico. Inasimuliwa kwamba bosi wa timu alikuwa na wasiwasi mkubwa fremu zisije zikavunjika mbele ya televisheni, na mzee mwenye karakana akasisitiza zitumike. Mwitaliano wa timu hiyo akashinda. Mwaka uliofuata, 1996, Mapei wakachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, wote watatu wakiingia pamoja.

Baada ya hapo mjadala wa "inabeba mtu?" ukafungwa. Kwa wale waliokuwa na fundi wa timu, lakini. Hilo "lakini" tutalirudia.

Kilo 6.8 ilitoka wapi?

Wakati kila kampuni inakimbilia wepesi, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, likavuta breki. Oktoba 1996 mjini Lugano, Uswisi, likatoa tamko kwamba mchezo huu ni wa binadamu kwanza, mashine baadaye. Kuanzia mwaka 2000 ikawa sheria: baiskeli yoyote ya mashindano isipungue kilo 6.8.

Na mwaka huohuo 2000 kukatokea kitu ambacho mimi naona ndiyo roho ya stori nzima. Yule Muingereza wa Barcelona alikuwa ameshaweka rekodi ya saa moja mwaka 1996: kilomita 56.375, juu ya mashine ya kaboni, mikono imenyooshwa mbele kama Superman. UCI wakasema hapana, anayetaka rekodi ya saa atumie baiskeli ya umbo la kizamani kama ya yule Mbelgiji: mabomba ya duara, hendeli iliyopinda, magurudumu ya spoki. Jamaa akakubali, akaingia uwanjani Manchester, akaisukuma saa nzima. Matokeo: kilomita 49.441.

Hesabuni. Miaka 28 baadaye, mazoezi ya kisayansi, lishe, kila kitu. Amemzidi Mbelgiji kwa mita 10. Kutoka 56 hadi 49, zile kilomita karibu 7 zilizoyeyuka hazikuwa mapafu yake. Zilikuwa mkao ule na umbo la ile mashine.

Sasa hii sheria ya 6.8 ilikuwa na vituko vyake. Kaboni ilivyozidi kukua, kuifikia kilo 6.8 kukawa rahisi mno, na kuipita kukawa kero. Mafundi wa timu wakajikuta wanafanya kazi ambayo babu zao wasingeiamini: kuongeza uzito. Wakawa wanatia vipande vya risasi na vyuma ndani ya fremu ili mizani ya asubuhi iridhike. Mwaka 1972 fundi anatoboa matundu, miaka ya 2000 fundi anaingiza risasi.

Kuna upande mwingine hauongelewi sana. Kilo 6.8 ni ileile kwa wote. Kwa mwanaume wa kilo 75, baiskeli ni kama asilimia 9 ya uzito wake. Kwa mwanamke mdogo wa kilo 48, mpanda milima hodari, ni asilimia 14. Sheria iliyokuja kwa jina la usawa, wadogo wa mwili wanaibeba zaidi kila kilima.

Bingwa mwenye hadithi tamu

Mwaka 1999 Mmarekani mwingine, aliyetoka kupona saratani, akashinda Tour akiwa kwenye fremu ya kaboni ya Trek. Akashinda tena, na tena, mpaka saba. Unakumbuka zile bangili za plastiki za njano? Basi huyo. Dunia nzima ikataka kuendesha alichoendesha yeye. Watu wazima wenye vitambi wakaingia madukani kuulizia gramu.

Mwaka 2012 ushindi wote saba ukafutwa. Dawa. Kwa hiyo wale walionunua wakiamini siri iko kwenye fremu waliuziwa nusu ya stori. Fremu ilikuwa nzuri kweli. Ila kilichokuwa kinampandisha milimani hakikuwa kinauzwa dukani.

Na biashara ya wepesi haikusimama. Mwaka 2020 Specialized wakatoa Aethos, fremu ya gramu 585, zaidi kidogo ya nusu kilo ya sukari. Baiskeli nzima ikashuka chini ya kiwango cha mashindano. Yaani iliundwa kwa ajili ya mtu asiyeshindana. Mimi na wewe. Mabingwa wenyewe siku hizi wengi wanapanda baiskeli za zaidi ya kilo 7, kwa sababu umbo la kukata upepo na breki za diski vinaongeza gramu, na wao wamepiga hesabu wakaona inalipa.

Kwa hiyo leo mtu anayelipia wepesi wa kupindukia ni mteja wa kawaida, na mashine za juu kabisa zinavuka dola 10,000.

Ukiipanda unasikiaje?

Waendeshaji waliohamia kaboni kutoka chuma au alumini husimulia mambo yanayofanana. Kwanza, inaitika. Ukikanyaga pedeli unaondoka, hakuna ile kusubiri baiskeli iamke. Pili, inameza mtetemo. Lami iliyochakaa ambayo kwenye alumini inakufikia mpaka kwenye meno, kwenye kaboni nzuri inakuja kama mnong'ono. Tatu, mlimani unahisi kama kuna mtu ameshusha mzigo mgongoni.

Halafu zinakuja zile ambazo muuzaji hasemi. Upepo wa pembeni ukikuta una magurudumu yenye ringi pana, unaitwa na mtaro. Ringi za kaboni zenye breki za kubana ringi, mvua ikinyesha, ukibana mara ya kwanza hakuna kinachotokea, unasubiri maji yafutike huku kona inakuja. Kwenye mteremko mrefu ukishikilia breki, joto linapanda mpaka ringi yenyewe inaweza kulainika na kuharibika. Breki za diski zimetibu sehemu kubwa ya hayo, na tangu 2018 zimeruhusiwa rasmi barabarani. Lakini hata hizo, bingwa mmoja mara nne wa Tour, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na mwendeshaji mwenye rasta pale Kikuyu, alisema hadharani mwaka 2021 kwamba hajaridhika nazo: zinakwaruza, na zikipata joto diski inajipinda.

Kisha kuna lile kubwa. Chuma kikichoka kinapinda, kinakupa taarifa. Kaboni inakaa kimya, halafu inaachia.

Mwaka 2006, kwenye mawe yaleyale ya Roubaix, Mmarekani mmoja aliyekuwa akipewa nafasi kubwa alianguka katikati ya mbio, akainuka, akaendelea. Baadaye akiwa na wenzake mbele, hendeli ikabaki mikononi mwake, imetengana na baiskeli. Picha zipo: mtu yuko kwenye kasi, ameshika usukani usioshikana na kitu. Akaenda chini, bega likaachia. Mkasa wenyewe una kejeli: lile bomba la uma lililokatika lilikuwa alumini, siyo kaboni. Lakini funzo ni moja kwa zote mbili. Kilichoanguka mara ya kwanza hakikukaguliwa kabla ya mara ya pili.

Sasa lile "lakini" langu. Bingwa akianguka, gari la timu linamletea baiskeli nyingine ndani ya dakika moja, na ile ya kwanza inakaguliwa au inatupwa. Iliyotupwa au kuuzwa huanza maisha ya pili. Inapita mikono miwili, mitatu, inapakwa rangi, inakuja kuuzwa mtumba kwa kijana aliyejinyima miezi nane. Yeye hana gari la timu. Ana fundi wa kona aliyezoea kukaza nati mpaka ilie, wakati kwenye kaboni nati hukazwa kwa spana maalumu inayopima nguvu, na ukizidisha kidogo tu umeshapasua tabaka la ndani ambalo jicho halioni.

Kwa hiyo ukienda kununua ya mtumba, acha kuinyanyua kwanza. Igeuze. Angalia chini ya fremu pale cheni inapopita, kwenye maungio, na pale bomba la siti linapoingia. Gonga taratibu kwa sarafu kutoka juu mpaka chini. Sauti ikitoka kali halafu ghafla ikawa butu kama unagonga kitambaa, hapo kuna jambo. Sarafu siyo daktari, lakini inakutosha kuahirisha kutoa hela. Chomoa uma uangalie shingo yake. Rangi mpya kwenye sehemu moja tu ni swali, siyo pambo. Na muulize muuzaji usoni: iliwahi kuanguka?

Mikono iliyolaza nyuzi

Sasa tufike kwa wale niliosema majina yao hayaandikwi.

Mwaka 1972, mwaka uleule wa rekodi ya Mexico, kampuni ya Giant ilianzishwa Taiwan, upande wa Taichung. Mwanzo ilitengeneza baiskeli kwa majina ya wengine. Mwaka 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha Schwinn kule Chicago walipogoma, Schwinn wakapeleka oda kubwa Taiwan, na kazi haikurudi. Mwaka 1987 Giant wakawa wanauza baiskeli za kaboni, Cadex, kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Tangu hapo, sehemu kubwa ya kaboni ya dunia, hata ile yenye majina ya Ulaya na Marekani ubavuni, imepita Taiwan au China.

Na hii ndiyo inayowashangaza wengi: fremu ya kaboni haitemwi na mashine. Inalazwa kwa mkono. Shuka za nyuzi zenye gundi mbichi zinatunzwa kwenye baridi, zinakatwa vipande kwa mamia, kila kipande kina namba na mwelekeo wake. Mtu anakaa mezani na mchoro mbele yake, anabandika kimoja baada ya kingine, anavifuatanisha, anahakikisha hakuna mkunjo wala hewa iliyonaswa ndani. Kisha inaingia kwenye kalibu, inaokwa. Halafu mwingine anasugua, mwingine anapaka rangi, mwingine anabandika jina la kampuni.

Ule mkunjo mmoja mdogo ndiyo tofauti kati ya fremu ya miaka kumi na fremu ya hospitali. Kwa hiyo unaposhuka mlima kwa kasi, umekabidhi shingo yako kwa mtu usiyemjua ambaye siku hiyo alikuwa amelala vizuri au hakulala.

Tarehe 24 Septemba 2025 mamlaka ya forodha ya Marekani ilizuia baiskeli na vipuri vya Giant vilivyotengenezwa Taiwan kuingia nchini humo. Sababu iliyotolewa: dalili za kazi ya kulazimishwa, zikiwemo wafanyakazi kufungwa na madeni, mishahara kuzuiwa, saa za ziada kupita kiasi na mazingira mabaya ya kuishi na kufanya kazi. Wanaoongelewa ni wafanyakazi wahamiaji, wale wanaokopa nyumbani kulipia ada za wakala ili wapate kazi ng'ambo. Wadau, hapa kwetu nani hana ndugu au jirani aliyepita njia hiyo kwenda Uarabuni? Giant walipinga uamuzi huo, wakasema wataomba uondolewe, na kwamba tangu mwanzoni mwa 2025 wameanza kuwalipia ada hizo wafanyakazi wapya.

Mambo ya kisheria tuwaachie wenyewe. Ila sasa tazama tarehe tena.

Wiki hiyohiyo, Kigali

Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani yalikuwa Kigali. Mara ya kwanza Afrika. Watu walijaa kwenye vilima, wengine juu ya kuta na miti, watoto na sare za shule. Wiki hiyo tuliona kaboni ya thamani ya nyumba ikipita mbele ya watu wa nchi ambayo baadhi ya waendeshaji wa kwanza wa timu yake ya taifa walianza kwa kubeba abiria kwenye keria.

Mbio za wanaume siku ya mwisho zilikuwa kilomita 267.5, na jumla ya kupanda ilizidi mita 5,000, mawe yakiwemo. Mslovenia akashinda, kama ilivyotegemewa. Lakini wa kumtazama alikuwa Mbelgiji aliyeshika nafasi ya pili. Siku chache nyuma alikuwa ameshinda mbio za kupambana na saa. Siku hii akapita kwenye shimo, siti ikalegea mahali pake. Akabadilisha baiskeli. Ile ya pili ikawa haimkai mwilini, misuli ya paja ikaanza kukaza. Akasimama tena pembeni, kwa hasira kila mtu akiona, akisubiri ya tatu. Mtu mwenye vifaa bora kuliko karibu wote duniani, ameangushwa na siti.

Na waliomaliza mbio hizo walikuwa 30 tu. Wengine wote waliishia njiani, na kati yao walikuwemo vijana wa Afrika Mashariki ambao hakuna kamera iliyowafuata mpaka mwisho. Tayari tunajua kwamba wa kwetu wanaweza wakipewa mashine sawa: mwaka 2024 Muritrea mmoja alishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Hakuna aliyemuuliza fremu yake ina gramu ngapi.

Tupige hesabu ya mwisho

Chukua mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 7. Jumla 77. Punguza kilo moja nzima kwenye baiskeli, ambayo kwa bei za dukani inaweza kukugharimu mamilioni. Umepunguza kama asilimia 1.3 ya mzigo. Kwenye mlima mkali unaoupanda kwa dakika 40, umeokoa karibu nusu dakika. Kwenye tambarare, karibu na sifuri. Kwa anayeshindania jezi, nusu dakika ni maisha. Kwa anayekwenda Bagamoyo na kurudi Jumapili, ni muda wa kufungua chupa ya maji.

Simzuii mtu kununua kaboni. Ni raha kweli, na hela ni yako. Ila kwenye pesa ile ya kilo moja, toa ya kumlipa fundi mwenye spana sahihi, toa ya kofia nzuri, toa ya matairi. Na ukishaanguka nayo, hata kama haina mchubuko, usiipande kesho yake kabla haijakaguliwa. Usijione mjanja kuliko yule wa Roubaix.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kaboni ya mtumba atuambie aliikagua vipi na ilimfikisha wapi. Na kama kuna mdau ambaye amewahi kukaa kwenye meza ya kiwanda ng'ambo, ya baiskeli au ya kitu kingine chochote, aandike hapo chini. Jina si lazima.